Kompyuta Mpakato Inapopata Joto Kupita Kiasi: Chunguza Kabla ya Kulipa

Kompyuta mpakato si bidhaa ya anasa tena. Mwanafunzi huandikia tasnifu yake, mfanyabiashara huhifadhi humo hesabu za duka, na mwalimu hutayarishia mitihani. Ndiyo maana inapoanza kupata joto kali, kunguruma na kuzimika ghafla, mwenyewe huhofia chombo na kazi zilizomo. Katika hofu hiyo wengi hukubali kubadilishiwa betri au ubao mkuu kabla chanzo hakijajulikana. Katika somo hili tunaeleza namna ya kutafuta chanzo kwa mpangilio, tukianza na hatua zisizo na gharama.

Joto hutoka wapi?

Sehemu inayofanya hesabu zote za kompyuta huitwa prosesa. Umeme inaoutumia hugeuka kuwa joto. Joto hilo husafirishwa na bomba la shaba hadi kwenye vibati vyembamba vilivyo ukingoni, kisha feni huvuta hewa kupitia matundu ya chini na kuisukuma nje kupitia vibati hivyo. Kwa hiyo, kompyuta kuwa na joto kiasi si kasoro.

Prosesa nyingi zimewekewa ukomo wa karibu nyuzijoto 100 za Selsiasi. Joto likikaribia ukomo huo, prosesa hupunguza kasi yake yenyewe. Likizidi, kompyuta hujizima ili isiungue. Kufanya kazi polepole na kuzimika ghafla, basi, mara nyingi ni kinga. Swali la kujiuliza ni hili: je, kazi imezidi, hewa haipiti, au joto halifiki kwenye vibati?

Kwanza, usalama: kagua betri

Kabla ya hatua nyingine yoyote, weka kompyuta juu ya meza iliyo sawa na uitazame kwa upande. Ikiwa sehemu ya kuongozea kishale imeinuka, kifuniko hakifungi vizuri, au kompyuta inayumba kwa kuwa tumbo lake limevimba, betri imeharibika. Izime, chomoa chaja, na usiichaji tena. Usiibonyeze, usiitoboe, wala usiitupe kwenye pipa la taka. Iweke juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia na magodoro, hadi fundi mwenye ujuzi atakapoishughulikia. Ikianza kutoa moshi, toka chumbani na wenzako wote, kisha piga namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Ikiwa betri haina dalili hizo, endelea na hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: mahali inapotumika

Kitanda, mto na kanga huziba matundu ya hewa yaliyo chini ya kompyuta. Itumie juu ya meza ngumu, na inua kidogo sehemu ya nyuma ili hewa ipite. Iondoe juani, na usiiache ndani ya gari lililofungwa. Watengenezaji wengi hushauri kompyuta itumike mahali ambapo joto la hewa halizidi nyuzijoto 35. Katika mji kama Dar es Salaam, ambapo hewa ya Januari na Februari huzidi nyuzijoto 30 mchana, feni huvuta hewa ambayo tayari ina joto. Chumba chenye upepo kinasaidia. Aidha, izime kabisa kabla ya kuiweka kwenye begi.

Hatua ya pili: kazi inayofanywa

Katika kompyuta yenye mfumo wa Windows, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha programu zinazoendelea na kiasi cha prosesa ambacho kila moja inatumia. Kama hufanyi kazi yoyote nzito lakini programu moja inatumia sehemu kubwa ya prosesa, ifunge, kisha ipime kompyuta dhidi ya virusi. Programu zilizonakiliwa bila leseni huweza kuja na virusi vinavyoitumia prosesa kwa siri. Hata hivyo, kompyuta iliyotoka kupokea masasisho inaweza kupata joto kwa muda. Ipe nafasi imalize.

Hatua ya tatu: njia ya hewa

Weka kiganja karibu na tundu la kutolea hewa. Feni ikisikika inazunguka kwa nguvu lakini hewa inatoka kidogo, yaelekea vumbi limeziba vibati. Feni ikiwa kimya huku kompyuta ikiwa na joto kali, huenda feni imekufa. Kwa vumbi la juu juu, zima kompyuta, chomoa chaja na usafishe matundu kwa brashi laini iliyo kavu. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi hubeba unyevu.

Hatua ya nne: kwa fundi

Ikiwa tatizo linaendelea, kompyuta inahitaji kufunguliwa, kusafishwa ndani na kubadilishiwa krimu ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na bomba la shaba. Krimu hiyo hukauka kadiri miaka inavyopita. Kama dhamana haijaisha, usimruhusu mtu mwingine aifungue. Irudishe kwa muuzaji. Vinginevyo, fanya yafuatayo:

- Hifadhi nakala ya kazi zako mahali pengine kabla ya kuikabidhi.
- Mweleze fundi ulichobaini katika hatua tatu zilizotangulia.
- Omba makadirio ya gharama kwa maandishi, yakitenganisha vipuri na ufundi.
- Dai urudishiwe kipuri cha zamani, isipokuwa betri iliyovimba, ambayo utaiona tu.
- Dai risiti ya EFD. Bila risiti, kuthibitisha malalamiko ni kazi ngumu.

Unaponunua kompyuta iliyokwisha kutumika

Usiridhike na kuiona ikiwaka. Ichezeshe video kwa nusu saa mbele ya muuzaji, kisha sikiliza feni na ushike tumbo lake. Andika namba yake ya utambulisho na uihakiki kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mwaka 2006 kampuni ya Dell iliziita zirejeshwe betri zipatazo milioni 4.1 zilizoweza kupata joto na kuwaka moto. Juni 2019 kampuni ya Apple nayo ilifanya vivyo hivyo kwa baadhi ya kompyuta za MacBook Pro za inchi 15, zilizouzwa hasa kati ya Septemba 2015 na Februari 2017. Mashine ya namna hiyo inaweza kuuzwa tena katika nchi nyingine bila mnunuzi kujua historia yake.

Haki yako

Nchini Tanzania, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi anayemweleza muuzaji wa bidhaa hizo matumizi anayokusudia na kutegemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo, sema wazi kabla ya kulipa kwamba unataka kompyuta ya kuhariri video au ya kuandikia barua tu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Muuzaji akikuambia kwamba betri ni mpya kumbe ni kuukuu, una sababu ya kulalamika. Anza kwa muuzaji, kwa maandishi. Asipokusikiliza, fika katika ofisi yetu ukiwa na risiti, makadirio ya fundi na picha za kasoro.

Dalili ya mvua ni mawingu. Joto kali ni dalili ya mapema, na mlaji anayeichunguza kwa utaratibu huokoa fedha zake, kazi zake na hata usalama wa nyumba yake.