Mtoto Asipochaguliwa katika Timu

Kila mwaka, inapokaribia likizo ya katikati ya mwaka, viwanja vya shule zetu hujaa vumbi na kelele. Ni wakati wa kuchagua wachezaji wa UMITASHUMTA kwa shule za msingi, na wa UMISSETA kwa shule za sekondari. Jioni moja mwalimu wa michezo husimama mbele ya watoto, karatasi mkononi, na kusoma majina. Wanaosikia majina yao huruka kwa furaha. Wengine husimama kimya wakingoja jina moja zaidi. Kisha karatasi hukunjwa, nao huondoka mmoja mmoja. Hao wa pili ndio wengi, nao ndio tunaotaka kusema habari zao leo. Maana wakirudi nyumbani jioni ile, somo watakalolipata halitoki tena kwa mwalimu, bali kwa baba na mama.

Yafaa kwanza mzazi ajue jinsi kazi hii inavyokwenda. Uchaguzi huu ni kama kupanda ngazi. Shule huchagua timu yake. Kata huchagua walio bora katika shule zake. Kisha wilaya, kisha mkoa. Na mwisho timu za mikoa hukutana katika mashindano ya taifa. Mwaka 2021 mashindano hayo yalifanyika Mtwara, na mwaka 2022 yalifanyika Tabora. Mtoto wa Kagera aliyefika Mtwara alivuka nchi yetu kutoka ziwani hadi pwani ya kusini, pengine kabla baba yake hajawahi kufanya safari kama hiyo. Si ajabu, basi, kwamba kila mtoto anatamani jina lake lisomwe.

Lakini hesabu haina huruma. Mpira wa miguu unataka wachezaji 11 uwanjani, netiboli 7, mpira wa wavu 6, pamoja na wachache wa akiba. Tuseme wavulana 60 wamefika wilayani kushindania nafasi 18 za mpira wa miguu. Wavulana 42 hawana budi kurudi nyumbani, hata kama wote 60 ni wachezaji wazuri. Na katika hao 18, wengi wataachwa wakati wa kuchagua timu ya mkoa. Kwa hiyo kuachwa si aibu, wala si adhabu. Ni jambo litakalompata karibu kila mtoto apendaye mchezo, kama si leo, kesho.

Mwalimu huona nini?

Tena mzazi na afahamu kwamba mwalimu anayechagua haoni yote. Huona alasiri moja au mbili. Mtoto aliyelala vibaya, aliyekuja bila kula, au aliyetoka kuugua homa juzi, huonekana mzito wa miguu kuliko alivyo. Aliyezoea kucheza beki akiwekwa mbele huonekana hajui kitu.

Liko na jambo kubwa zaidi, nalo ni ukuaji wa mwili. Watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Kwa kawaida wasichana hurefuka kwa haraka zaidi wakiwa na umri wa miaka 12 hivi, na wavulana miaka 14 hivi. Lakini mmoja hutangulia miaka miwili, na mwingine huchelewa vivyo hivyo. Wavulana wawili wa miaka 13 waweza kusimama pamoja, mmoja ana mabega ya mtu mzima, mwingine bado ni mtoto kabisa. Mwenye mabega huchaguliwa. Huenda hana akili ya mchezo kumpita mwenzake. Ametangulia kukua tu.

Hata mwezi wa kuzaliwa huleta tofauti. Mahali ambapo watoto hugawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, aliyezaliwa Januari humzidi aliyezaliwa Desemba ya mwaka uleule kwa karibu miezi 12. Mwaka 1985 watafiti wa Canada walitangaza kwamba katika timu za vijana za mchezo wa magongo ya barafuni, waliozaliwa miezi ya kwanza ya mwaka walikuwa wengi kupita sana waliozaliwa miezi ya mwisho. Tangu hapo jambo hilohilo limeonekana katika mpira wa miguu na michezo mingine ya nchi nyingi. Haiwezekani kwamba watoto wa Januari wamezaliwa na vipaji zaidi. Walikuwa wakubwa kidogo siku ya kuchaguliwa, wakachaguliwa, wakafundishwa zaidi kwa kuwa walichaguliwa, na hivyo tofauti ndogo ikawa kubwa.

Wengi wamesikia habari za Michael Jordan, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani. Mwaka 1978, akiwa na miaka 15, alitafuta jina lake katika orodha ya timu kubwa ya shule yake, Laney, mjini Wilmington, asilione. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba alifukuzwa. Sivyo. Aliwekwa katika timu ya pili, ya wadogo. Akakubali kucheza humo, akafanya mazoezi, akarefuka, na mwaka uliofuata akaingia timu kubwa. Baadaye alishinda ubingwa wa Marekani mara 6 pamoja na Chicago Bulls. Twasimulia kisa hiki si kwa sababu kila mtoto aliyeachwa atakuwa kama yeye. Karibu wote hawatakuwa, wala haifai kuwadanganya. Twakisimulia kwa sababu ya ile timu ya pili. Mtoto aliyeambiwa akacheze na wadogo hakutupwa. Amepewa mahali pa kukulia.

Uongo wa umri

Sasa hatuna budi kusema jambo lichukizalo. Wapo wazazi, na hata walimu, ambao wakiona ngazi ni nyembamba hutafuta njia ya mkato. Umri wa mtoto hupunguzwa katika karatasi. Kijana aliyemaliza shule huletwa kwa jina la mdogo wake. Watu hucheka na kusema, “Ni michezo tu.”

Wanasahau kwamba nafasi hiyo ilikuwa ya mtoto mwingine. Yule mdogo wa miaka 12, mwenye umri wa kweli, amerudi nyumbani ili mkubwa mwenye cheti cha uongo apate kusafiri. Huo ni wizi, ingawa hakuna kitu kilichochukuliwa kwa mkono.

Tena uongo huo huwarudia wenyewe. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana wasiozidi miaka 17, Serengeti Boys, ilikuwa imekwisha kushinda uwanjani haki ya kwenda Gambia kwenye mashindano ya Afrika. Ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Vijana waliocheza kwa haki waliumia pamoja na asiyekuwa na haki. Miaka 12 baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 2017 Kongo-Brazzaville iliondolewa kwa kutompeleka mchezaji wake mmoja akapimwe umri, na Serengeti Boys ikaenda Gabon badala yake. Siku hizi mfupa wa kifundo cha mkono hupigwa picha kwa mashine, nayo haijali karatasi. Lakini hata kama mashine isingekuwapo, mtoto mwenyewe angejua. Mzazi anayemwambia mwanawe, “Ukiulizwa, sema una miaka 13,” amemfundisha kwamba baba yake ni mwongo, na kwamba yeye jinsi alivyo hatoshi.

Kabla ya siku yenyewe

Je, mzazi afanye nini? Mambo machache, nayo si ya gharama.

Kwanza, aulize mapema siku, saa na mahali, na mtoto atachaguliwa katika nafasi gani. Pili, mtoto alale mapema usiku ule, ale chakula alichozoea, abebe maji. Asivae viatu vipya siku hiyo. Viatu vipya huchubua, na mtoto mwenye lengelenge hawezi kukimbia. Akiwa hana viatu, mzazi amweleze mwalimu bila kuona haya, kwani mara nyingi mwenzake aliyekwisha kucheza humwazima. Tatu, amwambie mtoto kabla hajaondoka: “Cheza kama unavyojua. Ukichaguliwa tutafurahi. Usipochaguliwa, chakula chako kitakuwa mezani.” Maneno haya yasemwe kabla, kwa maana yakisemwa baada ya kushindwa, mtoto hudhani ni ya kumpoza tu.

Na mzazi akienda uwanjani, anyamaze. Baba anayesimama kando ya mstari na kupiga kelele, “Piga! Toa! Kimbia!” humvuruga mwanawe, ambaye sasa ana makocha wawili na hajui amsikie yupi. Mama anayemtukana mtoto wa mwenzake kwa kukosa pasi amesahau kwamba mama wa mtoto yule naye amesimama palepale.

Jioni ya kurudi

Mtoto ameachwa, amefika nyumbani. Usimwambie, “Si kitu.” Kwake ni kitu. Usimwambie, “Mwalimu ana upendeleo,” kama huna hakika. Maneno hayo hutuliza jioni moja, lakini humwachia mtoto ugonjwa wa kulaumu watu maisha yake yote. Wala usimlinganishe na nduguye aliyechaguliwa. Mwache alie akitaka kulia. Mwache akae kimya akitaka. Kisha mwite ale pamoja na wenzake, na asubuhi apewe kazi zake kama siku zote, ili aone kwamba nafasi yake katika nyumba hii haikusomwa kutoka katika karatasi ya mtu yeyote.

Ikipita siku moja au mbili, mtoto mwenyewe aende kwa mwalimu, na mzazi amfuate ikiwa bado ni mdogo, wakaulize maswali mawili kwa adabu: “Nilipungukiwa na nini? Nifanye mazoezi gani?” Mwalimu mwema hufurahi kuulizwa hivyo. Kama kuna upendeleo wa kweli, au fedha imedaiwa, jambo hilo lipelekwe kwa mwalimu mkuu au kamati ya shule kwa ushahidi, wala si kwa matusi uwanjani.

Halafu, siku basi la timu linapoondoka, mtoto aende kuwaaga wenzake. Ni vigumu, lakini akiweza kuwapungia mkono kwa moyo mweupe, amejifunza jambo ambalo aliyemo ndani ya basi bado hajalijua. Wazee wetu walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani.

Aliyechaguliwa naye

Familia ya mtoto aliyechaguliwa nayo ina wajibu wake. Asijivune mbele ya wenzake, maana huenda ngazi inayofuata yeye ndiye atakayeachwa. Na kabla hajasafiri, wazazi waulize: Watoto watalala wapi? Ni mwalimu gani aliye pamoja nao usiku? Wasichana wanakwenda na mwalimu wa kike? Nambari yake ya simu ni ipi? Mtoto mwenye pumu au maradhi mengine, dawa zake atashika nani? Asiyeuliza kwa kuogopa kuonekana msumbufu anamwonea aibu mwalimu kuliko anavyomwonea huruma mwanawe.

Na kila binti na kila mvulana aambiwe waziwazi, kwa maneno anayoyaelewa, kwamba nafasi katika timu hailipiwi kwa kitu chochote. Mtu akimwita peke yake chumbani kwa kisingizio cha mazoezi, au akimwahidi nafasi kwa siri, aondoke, aje aseme nyumbani siku ileile, naye ataaminiwa. Hakuna kombe linalostahili bei hiyo.

Kwa walimu wetu wa michezo, ambao wengi hufanya kazi hii bila malipo ya ziada, tuna ombi moja. Orodha isomwe; lakini kabla ya kukunja karatasi, waambiwe walioachwa kwamba mwalimu amewaona, na siku ya mazoezi yao itajwe palepale. Timu ya pili ikipewa mpira mmoja na saa moja kwa juma, kijana wa miaka 13 aliyechelewa kukua hatauacha mchezo kabla mwili wake haujamfikia. Vipaji vingi hupotea hivyo: mtoto aliambiwa mara moja kwamba hafai, naye akaamini.

Jioni ile itafika katika nyumba nyingi mwaka huu. Mlango utafunguliwa polepole, na mtoto ataingia akiinamisha kichwa. Kabla hajasema neno, atatazama uso wa baba yake na wa mama yake. Wazazi, tengenezeni nyuso zenu mapema.