Seva Ione Diski Zake Tu: Maswali na Majibu Kuhusu Kuunganisha Seva na SAN

Ofisi nyingi huanza na seva moja yenye diski zake tumboni. Baada ya miaka michache seva zimekuwa nne. Moja ina nafasi tele isiyoguswa, nyingine imejaa mpaka hifadhidata inagoma kuandika. Hapo ndipo mkuu wa fedha anapokubali kununua hifadhi ya pamoja, yaani SAN, na fundi anakabidhiwa sanduku la chuma lenye diski 24, waya kadhaa na kijitabu cha maelekezo. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya fundi huyo. Mfano mkuu ni seva ya Linux inayounganishwa kwa iSCSI, kwa sababu ndiyo njia ambayo bajeti za taasisi zetu nyingi zinaimudu.

Swali: Tayari tuna folda ya pamoja ambayo kila mtu anaiona kwenye mtandao. SAN inatupa nini zaidi?

Folda ya pamoja inakupa faili. Mfumo wa faili uko kwenye mashine ya upande wa pili, na seva yako inaomba tu ipewe waraka huu au ihifadhiwe ule. SAN haijui faili wala folda. Inaipa seva diski tupu, na seva inaichukulia kama diski iliyofungwa kwa skrubu ndani yake: inaigawa, inaifomati, inaiandikia bloku kwa bloku. Diski hiyo ndiyo mafundi wanayoiita LUN. Amri zinazosafiri kwenye waya ni zile zile za SCSI ambazo seva zimekuwa zikizungumza na diski tangu miaka ya 1980. iSCSI, iliyochapishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2004, inazifunga ndani ya pakiti za TCP/IP na kuzipeleka kwenye poti namba 3260.

Ndiyo maana hifadhidata na mashine pepe zinaipenda SAN. Lakini haina mchezo. Ukifungua LUN moja yenye ext4 au XFS kwenye seva mbili kwa wakati mmoja, kila seva itaamini iko peke yake. Itatunza kumbukumbu yake ya nini kiko wapi, na zitaandikiana juu hadi mfumo wa faili uharibike. Kugawana LUN kunataka mfumo wa faili uliotengenezwa kwa kazi hiyo, kama GFS2, OCFS2 au VMFS ya VMware. Nje ya hapo, LUN moja ni ya seva moja.

Swali: Muuzaji anatushawishi tuchukue Fibre Channel. Tumsikilize?

Kama hamna swichi za Fibre Channel tayari, na hamna hifadhidata nzito kama za benki, jibu langu ni hapana. Fibre Channel ni nzuri sana, imara na yenye kasi, lakini inadai kadi zake maalumu kwenye kila seva, swichi zake, na mtu anayezifahamu. iSCSI inatembea juu ya Ethernet ambayo fundi wako anaijua.

Sharti ni moja: usiipitishe kwenye mtandao ule ule wa watumiaji. Siku wafanyakazi wanapopakua video, diski ya seva itachelewa kujibu na hifadhidata italalamika. Isitoshe, iSCSI yenyewe haifichi data inayopita, kwa hiyo aliye kwenye mtandao huo anaweza kuisoma. Ipe swichi zake. Ikishindikana kabisa, ipe VLAN yake.

Swali: Nianzie wapi kabla ya kuchomeka waya?

Anza na karatasi. Chukua seva yenye poti mbili za mtandao kwa ajili ya hifadhi, na kifaa cha hifadhi chenye vidhibiti viwili. Tenga sabneti mbili, tuseme 10.10.1.0 na 10.10.2.0. Poti ya kwanza ya seva iingie sabneti ya kwanza kupitia swichi ya kwanza, ya pili iingie sabneti ya pili kupitia swichi ya pili. Kila kidhibiti nacho kiwe na poti katika kila sabneti. Poti hizi usiziwekee anwani ya geti la kutokea nje; trafiki ya diski haina safari ya intaneti.

Kisha andika jina la seva katika lugha ya iSCSI. Linaitwa IQN, na kwenye Linux liko ndani ya faili /etc/iscsi/initiatorname.iscsi. Lisome kwa macho yako, usilichukulie poa. Seva nyingi siku hizi ni mashine pepe zilizonakiliwa kutoka kiolezo kimoja, na nakala hubeba IQN ile ile. Kifaa cha hifadhi kikiona seva mbili zenye jina moja, kitadhani ni seva moja. Zitaanza kutoana kwenye mtandao, au mbaya zaidi, zote mbili zitapewa LUN moja. Amri ya iscsi-iname inatunga jina jipya kwa sekunde moja.

Swali: Nimeelewa. Sasa hatua zenyewe?

Kwenye kifaa cha hifadhi, tengeneza LUN, sajili IQN ya seva, na uiruhusu seva hiyo tu kuiona LUN hiyo. Kwenye seva, uliza hifadhi ina nini:

iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p 10.10.1.11

Namba ya mwisho ni anwani ya poti moja ya kidhibiti. Majibu yakija, ingia:

iscsiadm -m node --login

Hapo kifaa kipya kinatokea kwenye orodha ya lsblk, na hapo hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa.

Swali: Kweli kabisa. Niliomba diski moja ya terabaiti 2, lsblk inanionyesha sdb, sdc, sdd na sde, zote za terabaiti 2. Nimepewa nne?

Umepewa moja. Unaiona mara nne kwa sababu kila poti ya seva inafikia poti mbili za hifadhi, na Linux inaihesabu kila njia kama diski. Usiguse sdb wala wenzake. Ukiifomati sdb na kuitumia hivyo, kazi itaonekana kwenda vizuri mpaka siku njia hiyo moja ikatike, na njia tatu zilizobaki hazitakusaidia chochote.

Sakinisha programu ya multipath, iwashe, kisha andika multipath -ll. Utaona jina moja, kwa mfano mpatha, na chini yake njia nne zilizokusanywa. Imezitambua kuwa ni diski moja kwa namba ya utambulisho ambayo LUN yenyewe huitoa, hata ikiulizwa kupitia mlango wowote. Kwenye vifaa vingi utaona pia makundi mawili: njia za kidhibiti kinachoimiliki LUN, ambazo hutumika kwanza, na za kidhibiti cha pili zinazosubiri. Hiyo ni hali ya kawaida, si hitilafu.

Kuanzia hapo kazi yote ifanyike kwenye /dev/mapper/mpatha. Ifomati, iunganishe na folda yake, na kwenye /etc/fstab usisahau chaguo la _netdev. Neno hilo dogo linaiambia seva isubiri mtandao uwe tayari kabla ya kuitafuta diski. Bila hilo seva inaweza kuitafuta diski kabla mtandao haujaamka na kukwama njiani ikiwaka, saa nane za usiku, na wewe uko nyumbani. Zima seva na uiwashe upya sasa hivi, kabla hujaweka data yoyote, uone diski inarudi yenyewe.

Swali: Tuna njia nne. Basi tuko salama?

Inategemea zinapita wapi. Njia nne zinazoingia kwenye swichi moja ni kama mabasi manne yanayovuka daraja moja. Fuatilia kila waya kwa kidole. Poti mbili za seva ziko kwenye kadi moja? Swichi zote mbili zimechomekwa kwenye UPS moja? Mara nyingi fedha za swichi ya pili zilipatikana, kisha mtu akachomeka zote kwenye soketi ile ile.

Baada ya hapo jaribu. Anza kunakili faili kubwa kwenda kwenye LUN, kisha chomoa waya mmoja wa seva. Kunakili kutasita kidogo na kuendelea, na multipath -ll itaonyesha njia mbili zimekufa. Rudisha waya, subiri njia zifufuke, chomoa wa pili. Maliza kwa kuzima swichi moja nzima. Kama kusita kunachukua dakika mbili, angalia replacement_timeout kwenye /etc/iscsi/iscsid.conf. Kwa kawaida huwa sekunde 120, muda unaofaa kwa seva yenye njia moja. Ukiwa na multipath ishushe hadi sekunde 5 hivi, ili njia iliyokufa iachwe haraka, kisha hakikisha miunganisho iliyokwisha kusajiliwa nayo imebadilishwa. Jaribio hili lifanyike mchana, mbele ya watu, kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Mfumo ambao haujawahi kuchomolewa waya mimi siuiti mfumo wenye njia mbili.

Swali: Tumeambiwa tuongeze MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) hadi 9000. Tangu tufanye hivyo seva inaingia vizuri, lakini ikianza kuandika inaganda.

Kuna kifaa kimoja njiani kilichobaki 1500, na mara nyingi ni swichi. Pakiti ndogo za kuingia zinapita, kubwa za data zinatupwa. Thibitisha hivi:

ping -M do -s 8972 10.10.1.11

Hiyo 8972 ukijumlisha baiti 28 za vichwa vya pakiti inakuwa 9000 kamili. Isipopita, tafuta palipobaki nyuma. Usipopapata, rudisha kila kitu 1500. Faida ya pakiti kubwa ni ndogo kuliko hasara ya mtandao wenye saizi mbili.

Swali: Sisi tulirithi Fibre Channel. Kuna tofauti gani?

Mantiki ni ile ile. Badala ya IQN kuna WWPN, namba ya herufi na tarakimu 16 kwa kila poti, na kwenye swichi unagawa kanda: kila kanda iwe na poti moja tu ya seva pamoja na poti za hifadhi inazozihitaji. Safisha ncha za faiba kabla ya kuzichomeka, kwani vumbi dogo linatosha kuharibu mawasiliano. Na usichungulie ndani ya faiba iliyo hai. Mwanga wa leza yake hauonekani kwa jicho.

Swali: Tunasakinisha mfumo endeshi upya kwenye seva ya zamani. Kuna tahadhari?

Chomoa waya za hifadhi zote kwanza. Programu ya usakinishaji huorodhesha kila diski inayoiona, na LUN yenye data za mishahara inaweza kuonekana humo kama diski nyingine yoyote. Windows nayo hukuomba uiandae diski isiyoitambua, na anayekubali bila kusoma anaweza kuandika juu ya data ya seva nyingine.

Swali: Umeme ukikatika?

Kuwasha, anza na swichi, kisha hifadhi, subiri iseme iko tayari, ndipo uwashe seva. Kuzima ni kinyume chake. Bandika utaratibu huo kwenye mlango wa rafu, maana anayewasha jenereta mara nyingi si aliyefunga mfumo.

Swali: Kifaa chetu kina RAID na kinapiga picha ya hali ya diski kila saa. Bado tunahitaji nakala rudufu?

Ndiyo. RAID inakukinga na diski iliyokufa. Picha zile zinakukinga na aliyefuta faili asubuhi. Vyote viwili vinakaa ndani ya sanduku lile lile, na moto, maji, wizi au mdukuzi aliyepata nenosiri la msimamizi vinaondoka na vyote. Nakala rudufu ni ile iliyo kwenye kifaa kingine, ikiwezekana jengo jingine, na ambayo umeshawahi kurejesha faili kutoka kwake. Kama bajeti haitoshi kwa SAN pamoja na nakala rudufu, nunua SAN ndogo zaidi na ubakize fedha za nakala.