Scp au rsync pale mtandao unapokatikakatika

Kama seva yako iko Frankfurt na wewe uko Dodoma kwa bando la simu, kabla ya kuchagua chombo cha kunakili mafaili jiulize kwanza: mtandao ukikatika njiani, kitafanya nini? Kasi inafuata baadaye. Mimi hushusha chelezo za hifadhidata za wateja kila wiki, nyingine zinapita GB 4, na kwa kigezo hicho rsync ndiyo ninayoitegemea.

Scp haina ubaya. Inakuja na OpenSSH, kwa hiyo utaikuta karibu kila seva ya Linux, na kwa faili dogo la usanidi sioni sababu ya kuhangaika na kingine:

scp nginx.conf seva:/tmp/

Umemaliza. Ila mtandao ukikatika umefika asilimia 90, ukirudia amri hiyohiyo inaanza upya tangu baiti ya kwanza. Kwa anayelipia kila MB, hiyo ni hela imekwenda bure. Seva ikiwa haina rsync (lazima iwepo pande zote mbili), ingia kwa sftp na utumie amri ya reget. Hiyo huendelea pale faili lilipoishia.

Rsync waliitoa Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996, na bado naona ufundi wake ni wa kupendeza. Faili la zamani likiwepo tayari, upande unaopokea hulikata vipande, hupigia kila kipande hesabu fupi, na kutuma hesabu hizo. Upande wa pili hulinganisha na faili jipya, kisha hupeleka yale tu yasiyolingana. Chelezo ya wiki hii na ya wiki iliyopita hufanana sehemu kubwa, kwa hiyo kinachosafiri ni kidogo sana.

Lakini ukibana chelezo kwa gzip kama kawaida, badiliko dogo mwanzoni huvuruga karibu yote yanayofuata, na rsync inakosa cha kulinganisha. Bana kwa gzip --rsyncable, na lipe faili jina lilelile kila mara. Litanenepa kidogo, lakini bando litapona.

Amri yangu ni hii:

rsync -av --partial-dir=.vipande --timeout=60 seva:/chelezo/ ~/chelezo/

Kwa kawaida rsync huandika kwanza kwenye faili la muda lenye nukta mbele ya jina, na kazi ikikatika hulifuta. Ukitaja --partial-dir, kilichokwisha kufika kinatunzwa kwenye folda hiyo, na safari ijayo inaanzia hapo. Nayo --timeout huikatisha rsync inapoganda huku mtandao umeshakufa kimyakimya, jambo la kawaida sana kwenye modemu za simu. Ukishaweka ufunguo wa SSH ili isikuulize nywila, na ukishahakikisha njia za folda ni sahihi, izungushe yenyewe hadi ifaulu:

until rsync -av --partial-dir=.vipande --timeout=60 seva:/chelezo/ ~/chelezo/; do sleep 30; done

Unaenda kulala, asubuhi unakuta faili. Sijaongeza -z kwa sababu faili limeshabanwa; hiyo iweke unapohamisha msimbo au maandishi matupu.

Angalia pia mkwaju wa mwisho. Ukiandika seva:/chelezo/ unachukua vilivyomo ndani ya folda. Ukiandika seva:/chelezo unachukua folda yenyewe, na utaikuta ndani ya nyingine. Mkwaju huo una uzito zaidi ukiongeza --delete, ambayo hufuta kwako kila kisichokuwepo kule. Hapo usikimbilie. Endesha kwanza kwa -avn, ambayo huonyesha itakachofanya bila kugusa kitu, usome mistari yote inayoanza na neno deleting, ndipo uiondoe hiyo n.