Tairi za Land Rover Kuukuu: Namna ya Kuzichagua

Msimu ukikaribia, mwenye shamba hutazama majamvi, kamba na magunia yake. Gari huitazama mafuta na injini, basi. Lakini gari inayoteremka kilima cha udongo mwekundu, mvua imekwisha kunyesha na nyuma imebeba watu na karafuu, haisimamishwi na injini. Breki hushika gurudumu, na gurudumu hushika ardhi kwa tairi peke yake, tena kwa mahali padogo pasipozidi sana kiganja cha mtu. Kwa hivyo somo letu la safari hii ni la tairi, na tutasema khasa juu ya Land Rover za zamani, yaani zile zilizoanza mwaka 1948 mpaka zile za mwisho za namna hiyo zilizotengenezwa mwaka 1985.

Kwanza saizi. Land Rover fupi, ile ya inchi 88 baina ya gurudumu la mbele na la nyuma, aghlabu ilitoka na tairi za 6.00-16. Ile ndefu ya inchi 109 ilitoka na 7.50-16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, na ya pili ni ukubwa wa ringi. Tairi mpya za siku hizi huandikwa kwa njia nyingine, na hapo ndipo watu wengi hupotea dukani. Chukua 235/85R16. Upana ni milimita 235. Ubavu wake ni 85 kwa mia ya upana huo, yaani kiasi cha milimita 200. Na ringi ni inchi 16, ambayo ni milimita 406. Jumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na ringi, utapata milimita 806. Huo ni urefu sawa na 7.50-16. Tairi ya 205R16 nayo hufika kiasi cha milimita 735, karibu sawa na 6.00-16. Mwenye gari fupi basi atafute 205R16, na mwenye gari ndefu atafute 7.50R16. Hiyo 235/85R16 ni nzuri, lakini yataka ringi ya upana wa inchi 6 au zaidi, na ringi za asili za gari hizi ni nyembamba kuliko hivyo. Muuzaji akikwambia itaingia tu, kweli itaingia; kukaa sawasawa ni jambo jingine.

Wako vijana wapendao kuitia gari fupi tairi kubwa ili isimame juu. Inapendeza machoni. Lakini baina ya 6.00-16 na 7.50-16 iko tofauti ya kama 10 kwa mia. Maana yake ni kuwa kila gia inakuwa nzito kwa kadiri hiyo, na injini iliyozeeka hudai gia ya chini pale ilipokuwa ikipanda bila ya taabu. Saa ya mwendo nayo husema uongo: ikionyesha 50, gari inakwenda 55. Na ukikata usukani mpaka mwisho, tairi hugusa springi, mpaka fundi airekebishe ile bolti inayozuia gurudumu lisikate kupita kiasi.

Pili, hiyo herufi R. Katika tairi za kizamani nyuzi za ndani hupita mshazari, zikikatana. Katika tairi za R nyuzi hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili, na juu yake huzungushwa mkanda wa chuma. Tairi za R hushika njia vizuri zaidi na hudumu zaidi. Lakini usizichanganye namna hizi mbili katika ekseli moja, kwani gari itavuta upande mmoja unapofunga breki. Ikiwa fedha zinatosha tairi mbili tu za R, ziweke zote mbili nyuma, wala si mbele. Nyuma ikiteleza kabla ya mbele, gari hugeuka na dereva hana la kufanya.

Tena kumbuka kuwa gari hizi, ukikandamiza kile kifungo cha manjano au ukivuta ule mkono mwekundu, gurudumu za mbele na za nyuma hufungwa pamoja zizunguke sawa. Tairi za mbele zikiwa ndogo kuliko za nyuma, shafti na gia hujipindapinda zenyewe mpaka kitu kikatike. Ndiyo sababu hata mbili mbili zinunuliwe kwa saizi moja na zile zilizobaki.

Tatu ni uzito. Ubavuni, baada ya saizi, iko namba kama 100, 108 au 116. Hiyo si kilo, ni alama. 100 maana yake tairi moja yachukua kilo 800. 108 ni kilo 1,000. Na 116 ni kilo 1,250. Tuseme gari na mzigo wake ni kilo 2,600, na kilo 1,600 ziko nyuma. Kila tairi ya nyuma inachukua kilo 800, nawe ukiweka za alama 100 umekwisha kufika ukingoni kabla hujapandisha mtu mmoja juu ya magunia. Frasila moja ni karibu kilo 16, hesabu mwenyewe.

Tairi zilizokwisha kutumika ng'ambo zinauzwa kwa bei rahisi, na meno yake huwa marefu. Usitazame meno tu. Tafuta ubavuni herufi DOT, na mwisho wa maandishi hayo namba nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ikiwa namba ni tatu tu, tairi hiyo ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, mrudishie mwenyewe. Mpira hukauka hata ukiwa ghalani. Michelin hushauri tairi iliyotimiza miaka 5 ikaguliwe kila mwaka, na iliyotimiza 10 iondolewe ijapokuwa yaonekana nzima. Ikunje kwa dole gumba baina ya meno: ukiona nyufa, iache.

Meno yenyewe yawe makubwa yenye nafasi baina yake, ili udongo uruke nje gurudumu linapozunguka. Lakini yale ya kijeshi, yenye mapande yaliyolala kama ngazi, si ya mtu apitaye lami kila siku. Hupiga kelele, na lami ikiwa mbichi kwa mvua huteleza vibaya. Na tairi nyembamba si dhaifu. Penye tope juu na ardhi ngumu chini, nyembamba hulikata tope ikafika pagumu, pana huelea juu. Mchangani ndipo pana hufaa. Mwenye nyembamba huko apunguze upepo mpaka kama ratili 18, aende polepole, kisha aurudishe kabla ya kushika njia.

Ringi za asili zimepigwa ribiti na hazizuii upepo, kwa hivyo tairi yo yote lazima itiwe tyubu, mpya, ya saizi yake. Mwambie fundi abandue kila karatasi iliyogandishwa ndani ya tairi, kwani husugua tyubu mpaka ikatoboka. Upepo ujazwe kwa kitabu cha gari; namba iliyoandikwa ubavuni ni ya mwisho kabisa, si ya kila siku. Tairi ya akiba nayo iwe ya saizi ile ile ya nne zilizo chini.