Mbao Kwanza Zizoee Nyumba

Karakana ya seremala mstaafu, Suneka, kando ya barabara ya Kisii kwenda Migori. Mwalimu wa shule ya msingi anajenga nyumba yake na anataka kuweka sakafu ya mbao kwa mikono yake na ya mumewe.

MZEE: Keti. Nasikia paa limeshaezekwa.

MWALIMU: Limeezekwa, na sakafu ya zege imemwagwa mwezi uliopita. Sasa sebule tunataka tuiwekee mbao ngumu, zile ambazo ulimi wa ubao mmoja unaingia katika mfereji wa ubao wa pili. Tumeangusha mikaratusi miwili pale shambani, na mwenye mashine ameahidi kuipasua Jumamosi. Mume wangu anasema kufikia Krismasi tutakuwa tumemaliza.

MZEE: Mti ulioangushwa juzi usiutie sakafuni. Huo bado umejaa maji, na maji yakitoka ubao unasinyaa. Urefu haubadiliki sana, lakini upana unapungua kweli. Na katika miti tuliyo nayo, mkaratusi ni mmojawapo wa ile inayosinyaa sana, tena hujikunja na kupasuka. Ulimi utachomoka kwenye mfereji wake, na hakuna msumari utakaourudisha.

MWALIMU: Basi huo mkaratusi haufai kabisa?

MZEE: Unafaa ukikaushwa sawasawa, na hilo ni kazi ya tanuru la kukaushia mbao. Ukiukausha kivulini kwa kuupanga na vijiti katikati, hesabu ya maseremala ni karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Upasue, uupange, uuwekee mawe juu usijikunje, kisha uusahau. Utakufaa kwa kazi nyingine. Kwa sebule yako, nunua mvule mkavu, au loliondo ukiipata. Mvule hautulii kwa uvivu, unatulia kwa asili yake: unasinyaa kidogo, na kiini chake mchwa hawakipendi. Kagua kila ubao uone kama una weupe wa pembeni, maana mchwa huanzia hapo. Na muuzaji akupe risiti na kibali cha kusafirishia cha Shirika la Huduma za Misitu. Serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, marufuku ikaondolewa 2023, lakini kibali cha kusafirisha mbao bado kinatakiwa. Mvule uliokatwa kwa wizi mimi siuwekei randa.

MWALIMU: Nimeelewa. Nikishanunua mbao kavu, si ninaanza?

MZEE: Hapana. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, na ndiyo sababu nimekuketisha. Mbao ni kama nguo iliyoanikwa: jua likiwaka inakauka, ukungu ukishuka inaloa tena. Hata ikae miaka mia, inafuata hewa iliyomo chumbani. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 huuacha ubao ukiwa na maji kiasi cha asilimia 12 au 13 ya uzito wake mkavu. Vitabu vya Marekani vinataka asilimia 6 hadi 9, kwa sababu nyumba zao hupashwa moto wakati wa baridi na hewa ya ndani inakauka. Wewe hupashi nyumba moto, na Kisii inapata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Ukifuata hesabu yao, ubao utakunywa maji baada ya kupigiliwa, utavimba, na sakafu itainuka katikati.

MWALIMU: Nitajuaje ubao wangu una asilimia ngapi? Sina kile kipimo cha umeme.

MZEE: Una mizani na oveni? Kata vipande vyembamba vya sentimita mbili au tatu kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha, kwa sababu ncha hukauka kwanza. Vipime vyote pamoja. Tuseme ni gramu 280. Vitie katika oveni, joto lipite digrii 100 kidogo tu, visiungue. Vitoe kila baada ya saa chache uvipime, mpaka uzito uache kushuka. Ukibaki gramu 250, maji yalikuwa gramu 30. Thelathini kwa 250 ni asilimia 12. Wewe ni mwalimu, hesabu hiyo wape hata wanafunzi wako.

MWALIMU: Na kuzizoesha nyumba ndiyo vipi?

MZEE: Kwanza madirisha yawe na vioo, milango ifunge, lipu na rangi zikauke. Lipu mbichi inatoa maji mengi hewani, na mbao zitayanywa yote. Ndipo uingize mbao sebuleni humo humo zitakamolala, uzipange na vijiti katikati ili hewa izunguke. Chagua mbao tatu, ziandike kwa penseli, uzipime kila wiki. Uzito ukiacha kupanda na kushuka, zimezoea. Usiniulize ni wiki ngapi. Mizani ndiyo itakayokuambia.

MWALIMU: Tata, je, ni afadhali kupigilia wakati wa jua au wakati wa mvua?

MZEE: Swali zuri sana hilo. Kwetu jua la kweli ni mwishoni mwa Desemba hadi Februari. Ubao uliopigiliwa Januari uko katika ukavu wake wa mwaka, na Aprili utavimba. Uliopigiliwa Aprili umeshavimba, na Januari utasinyaa uache mianya ya kuingiza sarafu. Mimi nachagua ukavu, kwa sharti uache nafasi ukutani. Nafasi ya ukutani inafichwa na skatingi. Mwanya wa katikati ya sebule kila mgeni anauona.

MWALIMU: Nafasi kiasi gani?

MZEE: Sebule yako ina vipimo gani?

MWALIMU: Mita 4 kwa 3.5.

MZEE: Mbao zilale kufuata ile mita 4. Ubao wa sentimita 10 ukishaingiza ulimi, unaonekana sentimita 9 tu. Katika upana wa mita 3.5 zinaingia mbao 39 hivi. Kila moja ikivimba nusu milimita, ambayo huioni kwa macho, zote pamoja zimesukuma karibu sentimita 2. Kwa hiyo acha milimita 12 hadi 15 kila upande, hata penye mlango na nguzo. Weka vipande vya mbao kama kabari ukutani wakati wa kazi, na ukimaliza uving'oe vyote. Na ukinunua, hesabu kwa hizo sentimita 9. Mita za mraba 14 ni karibu mita 156 za ubao. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa makato na kasoro, unafika mita 171, yaani futi 560 hivi. Ukihesabu kwa sentimita 10 utapungukiwa, na mzigo wa pili hautafanana rangi na wa kwanza.

MWALIMU: Na zege la chini? Ni la inchi 4, nimelikanyaga, linaonekana kavu.

MZEE: Zege hukauka juu kwanza. Hesabu mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene wakati hali ya hewa ni nzuri. Zege lako la inchi 4 lina mwezi mmoja tu. Chukua nailoni, nusu mita kwa nusu mita, ibandike kwa selotepu pande zote nne, uiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake, au zege limekuwa jeusi, subiri. Hata likikauka, tandaza nailoni ya geji 1000 chumba kizima, vipande vipandane sentimita 20, pembeni ipande ukutani. Juu yake laza fito za mbili kwa mbili zilizotiwa dawa kiwandani, kila baada ya sentimita 40, zikikingama na mbao zako. Kila tundu la skrubu linalotoboa nailoni lipake lami. Usawazishe kwa pima maji na ubao ulionyooka wa mita mbili. Bonde la zaidi ya milimita 3 lijaze kwa vipande vyembamba chini ya fito.

MWALIMU: Jirani ametuambia tupake fito oili chafu ya gari, mchwa hawatasogea.

MZEE: Nguzo za ua paka. Ndani ya nyumba wanamolala watoto, usipake. Harufu haiishi, oili inapanda kwenye mbao nzuri ikiziacha na madoa, na inapenda moto.

MWALIMU: Sasa kupigilia kwenyewe.

MZEE: Ubao wa kwanza usiufuate ukuta, kwa kuwa kuta zetu hazinyooki. Vuta uzi. Mfereji uelekee ukutani, ulimi ukutazame wewe. Ubao huo upigilie juu kwa juu, karibu na ukuta, skatingi itaficha vichwa. Kuanzia wa pili, msumari wa inchi 2 unaingia juu ya ulimi, kwa mshazari, kila penye fito. Mvule na loliondo vitapasuka usipotoboa kwanza kwa drili, na tundu liwe jembamba kuliko msumari. Malizia kwa punchi, usipige kwa nyundo mpaka mwisho, utavunja ulimi. Unapobana ubao, weka kipande cha ubao chenye mfereji wake kipokee nyundo. Ubane ukutane, basi. Usiukaze kama unafunga mlango wa ghala. Maungio ya ncha yakae juu ya fito na yasipangane. Kwa hiyo safu inayofuata anza na kipande kifupi zaidi. Safu za mwisho nyundo haitaingia, zipigilie juu kama ile ya kwanza. Skatingi ishike ukutani, isishike sakafu, la sivyo umezuia ile nafasi uliyoiacha.

MWALIMU: Halafu msasa na vanishi.

MZEE: Msasa namba 40, kisha 80, kisha 120, ukifuata urefu wa mbao. Funga pua na mdomo kwa barakoa nzuri, kwa sababu vumbi la mvule linawasha ngozi na linabana kifua. Watoto wakae nje siku hiyo. Vanishi ipakwe mara tatu, kila mkono ukauke na kusuguliwa kidogo. Mlango utagusa sakafu mpya, uunyoe kwa randa chini.

MWALIMU: Kwa hiyo Krismasi haiwezekani.

MZEE: Krismasi mtakula pilau juu ya zege, mwalimu, na hamtapungukiwa kitu. Kesho bandika nailoni kwenye zege. Vioo vikiingia, niite nije nikague mbao kabla hujalipa.