Kuhesabu Siku za Msafiri



Mji wa Morogoro ni njia panda. Barabara inayotoka Dar es Salaam hugawanyika hapo. Moja huenda Dodoma na mikoa ya Ziwa. Nyingine huenda Iringa, Mbeya na hadi Zambia. Treni nayo hupita. Kutoka mjini watu hupanda Milima ya Uluguru hadi Kinole, Matombo na Mgeta. Mkulima wa Mgeta huteremsha kabichi zake hadi masoko ya Dar es Salaam, kisha hurudi nyumbani. Kwa hiyo ugonjwa wa kuambukiza ukiingia nchini, hata sisi wa milimani hatuko mbali nao.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kumfuatilia msafiri wakati wa ugonjwa wa mlipuko.

1. Kupimwa joto hakutoshi

Tarehe 15 Machi 2020 Mtanzania mmoja alishuka katika Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro akitoka Ubelgiji. Alikaguliwa, akaonekana hana homa, akapita. Baadaye alijisikia vibaya, akaenda mwenyewe hospitali mjini Arusha. Tarehe 16 Machi Serikali ilitangaza kuwa huyo ndiye mgonjwa wa kwanza wa korona nchini.

Je, waliomkagua walikosea? Hapana. Ukifukia mbegu ya maharage leo, kesho shamba litaonekana tupu. Mbegu imo, lakini haijachipua. Ugonjwa nao hukaa mwilini siku kadhaa kabla ya kuonekana. Kipimo cha joto huona homa iliyopo. Hakioni homa itakayokuja wiki ijayo. Aliyesaidia hapo ni msafiri mwenyewe, kwa sababu hakuficha.

2. Siku 14 na siku 21

Kuanzia tarehe 23 Machi 2020 wasafiri waliotoka nchi zilizoathirika sana na korona walitakiwa kukaa peke yao siku 14, kwa gharama zao. Sharti hilo liliondolewa mwezi Mei mwaka huo huo. Kukaa peke yako namna hiyo huitwa karantini. Neno hilo lina asili ya Kitaliano, na maana yake inatokana na arobaini. Zamani meli zilizofika mji wa Venice zilingojeshwa siku 40 kabla ya watu kushuka.

Tarehe 21 Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki. Wataalamu waliandika majina ya watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa. Watu hao walifuatiliwa kwa siku 21, kwa sababu Marburg huweza kujificha mwilini hadi siku 21. Tarehe 2 Juni 2023 ilitangazwa kuwa ugonjwa umekwisha. Kabla ya kutangaza hivyo, huhesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani 21 mara 2.

Magonjwa haya mawili yana tofauti. Mwenye korona huweza kuambukiza kabla hajajisikia kuumwa. Mwenye Marburg huambukiza baada ya dalili kuanza. Ndiyo maana masharti hayafanani. Tufuate yale yanayotolewa na Wizara ya Afya kwa ugonjwa uliopo.

3. Kijijini tufanye nini?

Tuchukue mfano. Kijana anafika Kinole kwa mjomba wake, akitoka mahali penye ugonjwa.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Karibu. Umetoka wapi, na umepita wapi?”

Kumwuliza mgeni hivyo si kumtukana. Mjomba ampeleke habari mwenyekiti wa kitongoji au mhudumu wa afya. Hao waandike katika daftari mambo manne:

(a) Jina la msafiri.
(b) Alikotoka.
(c) Tarehe aliyofika.
(d) Tarehe ya kumaliza siku zake.

Kisha mhudumu apite kila siku kumjulia hali, na aweke alama katika daftari. Akisikia kuna homa, kutapika au kuharisha, mgonjwa asiguswe ovyo. Zahanati ijulishwe mara moja. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

4. Tuhesabu pamoja

Msafiri amefika tarehe 20 Aprili. Anafuatiliwa siku 21. Atamaliza lini?

20 + 21 = 41
Aprili ina siku 30.
41 – 30 = 11

Atamaliza tarehe 11 Mei. Tukikosea hesabu kwa siku tano, huenda tukamwachia mtu ambaye ugonjwa wake bado unachipua.

5. Kufuatilia si kuadhibu

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini msafiri aliyeambiwa akae peke yake hawezi kushika jembe. Hawezi kwenda gengeni wala kisimani. Asipopelekewa chakula na maji atatoka, na kosa litakuwa letu pia. Na akijua kuwa atatengwa na kusemwa vibaya, atafika usiku kwa njia za mashambani. Jina lake halitaingia daftarini, na daftari litakuwa bure.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Basi tumpe mtu sababu ya kutoficha. Tumpelekee ugali, tumsalimie kwa mbali, na habari zake zisitangazwe kilabuni.

Maswali

1. Kwa nini msafiri asiye na homa huweza kuwa na ugonjwa?
2. Taja mambo manne yanayoandikwa katika daftari.
3. Msafiri amefika tarehe 25 Juni. Anafuatiliwa siku 14. Atamaliza lini?
4. Zungumzeni darasani: katika kitongoji chetu, nani atampelekea msafiri chakula na maji?