Herufi Nene Zilizoinama: Somo la Kuandika Matangazo

Katika somo hili nataka kuwaeleza habari za herufi za namna moja zitumikazo katika matangazo. Ni herufi nene, zimeinama kuelekea kulia, ncha zake ni za mviringo, tena hazina vile vikucha tuvionavyo katika herufi za vitabu vingi.

Mfano wake mzuri ni herufi ziitwazo Balloon, yaani Puto. Zilichorwa na Max R. Kaufmann, zikatolewa mwaka 1939 na kiwanda cha American Type Founders huko Marekani. Zinafuata mwandiko wa wachoraji wa katuni, ambao huandika maneno ya watu wao ndani ya umbo mfano wa puto. Ziko za unene wa namna tatu, nazo ni herufi kubwa tupu. Zile nene kabisa zilizoeleka sana machoni pa watoto, maana tangu 1984 hata 2009 jina la Nickelodeon, stesheni ya televisheni ya watoto, liliandikwa kwa herufi hizo.

Kila sifa ina kazi yake. Unene huita jicho kutoka mbali. Kuinama huzifanya herufi zionekane kama zinakwenda mbio. Mviringo huondoa ukali. Kwa hiyo zafaa tangazo la michezo au la sikukuu, lakini hazifai tanzia. Na neno HATARI mimi ningeliandika kwa herufi nene zilizosimama wima.

Sasa tuchore. Kwanza, piga mistari miwili ya kulala, iachane sentimita 8. Pili, piga kwa wepesi mistari ya kuongoza iliyoinama, yote sambamba: kila ipandapo sentimita 8, iende kulia sentimita 2. Tatu, chora mifupa ya herufi kwa penseli, mstari mmoja mmoja. Nne, nenepesha kila mfupa sentimita 1 kila upande, na ncha zote uzizungushe kwa kufuata kifuniko au sarafu yenye upana wa sentimita 2. Herufi sasa ina kimo cha sentimita 10.

Lakini unene una mpaka. Tazama herufi E. Ina mikono mitatu ya sentimita 2, jumla 6. Zimebaki 4, yaani nafasi mbili za sentimita 2. Ukiifanya mikono iwe ya sentimita 3, jumla ni 9, na kila nafasi itabaki nusu sentimita tu. Kwa mbali E hiyo itakuwa doa jeusi. Tundu la A nalo huzibika upesi, na Kiswahili chetu kimejaa A.

Jambo jingine: maneno yetu ni marefu. Neno MNATANGAZIWA litamaliza karatasi nzima. Mama apitaye njiani na mtoto mgongoni hatasimama kusoma mistari sita; akilikosa tangazo, mtoto amekosa chanjo. Basi andika kwa herufi nene CHANJO LEO. Mahali na saa uandike chini yake kwa herufi za kawaida.

Zoezi: Chora maneno CHANJO LEO kwa vipimo vilivyotajwa. Yabandike ukutani, rudi nyuma hatua 30, kisha mwombe mwenzako asiyejua ulichoandika ayasome. Akisitasita, tafuta ni herufi gani iliyozibika.